Kiwanja cha Mmojammoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta watu wazima wakigombania mchanga. Walikuwa wametoka kwenye kayaki zao, matope yamewafika magotini, na kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia kufika. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kutunza mikoko, mtu wa Kisauni wa asili, mpole wa maneno lakini mzito wa kuamua, alinikabidhi fulana ya kazi na filimbi, akaniambia, "Mama Dama, kazi yako ndiyo hiyo uionayo. Wapatanishe, kisha uje unywe chai."

Chai niliinywa imeshapoa.

Nawaandikia nyinyi mnaoianza kazi hii sasa, mliokuta utaratibu umenyooka mkadhani ulishuka pamoja na mvua. Haukushuka. Ulitokana na ugomvi, na mmoja wa waliogombana ni mimi.

Nyuma ya Junda, hori la bahari linaingia ndani ya mikoko na kugawanyika vijito. Ukifuata mfereji mkubwa utafika mahali palipoinuka penye mchanga, na hapo ndipo kikundi kilipotenga viwanja vitatu vya kupigia mahema. Watu hupenda kuuliza kwa nini vitatu, kwa nini tusiongeze. Mti uitwao mchu hupumua kwa vimizizi vinavyochomoza matopeni kama vidole, na ukitandaza hema juu yake umeuziba pumzi. Kwa hiyo ardhi ya kulala haiongezeki, ila wageni wanaongezeka.

Jambo la pili la kujua ni maji. Wageni wetu wengi huja wakati wa bamvua, zile siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Maji yakijaa jioni, mfereji unapitika bila taabu. Yakishageuka kurudi baharini, mfereji hukauka upesi, pakabaki tope la kumeza mguu. Aliye ndani yuko ndani, aliye nje yuko nje. Mlinzi wa viwanja asiyejua saa ya maji kugeuka ni heri akauze mihogo.

Wageni walikuwa wa namna mbili. Kulikuwa na vikundi, yaani makanisa, vyuo, wafanyakazi wa ofisi moja waliovaa kofia za rangi moja. Na kulikuwa na hawa niliowaita wa mmojammoja, mtu na kasia lake, anakuja peke yake, anaondoka peke yake, na jina lake hulijui mpaka mwaka wa pili. Niliyemjua zaidi katika hao ni Otieno, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja huko Changamwe. Alikaa chumba kimoja na ndugu zake watatu. Alikuwa akivuka hori kila bamvua aliyopata ruhusa.

"Mathe," aliniambia siku moja nilipomuuliza anatafuta nini matopeni, "mimi wiki nzima ni mashine tu inanipigia kelele kwa masikio. Nikirudi nyumbani ni redio na watu. Huku ndiyo nasikia kichwa yangu."

Kiswahili chake kilikuwa cha bara, lakini nilimwelewa kuliko wengi waliokuja na Kiswahili kilichopigwa pasi.

Utaratibu niliourithi ulikuwa rahisi: aliyetangulia ndiye mwenye kiwanja. Unasikika kuwa wa haki, sivyo? Vikundi vilijua dawa yake. Vilimtuma mtu mmoja asubuhi na mapema, kayaki imejaa mikeka, akaitandaza kwenye viwanja vyote vitatu, kisha akaketi kivulini kuwangojea wenzake wafike na maji ya jioni. Mchezo huo niliutambua mara moja. Kabla ya kazi hii nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli ya ufukweni kule Bamburi, na kule wageni walikuwa wakiamka kutupa taulo kwenye viti vya kuotea jua, kisha wanarudi kulala. Taulo linaota jua, mtu anakoroma! Kule sikuwa na sauti ya kusema. Huku nilikuwa na filimbi.

Nikampelekea habari Mwenyekiti. Alisikiliza, akavua kofia yake, akaivaa tena.

"Wengi wape, Mama Dama."

"Na mmoja je?"

"Mmoja hana wa kumsemea. Kikundi kikiudhika kitanijia watu ishirini hapa barazani. Huyo wako akiudhika atamwambia nani? Kasia lake?"

Tulipata pia ugeni wa Ofisa wa Misitu, mwanamke mwembamba mwenye haraka. Nikamweleza shida ile ile. Akasema, "Mama, mimi nimetumwa miti. Watu pataneni wenyewe." Sikumlaumu. Alikuwa na hori refu la kuzungukia.

Basi ikaja Jumamosi ya kwaya. Mwalimu Wanza, kiongozi wa kwaya ya vijana kutoka kanisa moja la Changamwe, alikuwa mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya maji bila kipaza sauti. Mtu wake wa mikeka alikuwa amekwisha kufanya kazi asubuhi, viwanja vyote vitatu vimefunikwa. Jioni kwaya ikaanza kuingia, wamepakiana wawiliwawili, wakiimba. Na nyuma yao, dakika chache kabla maji hayajageuka, nikamwona Otieno. Alikuwa amepambana na upepo njia nzima. Mikono ilikuwa imemchoka hata kamba ikamshinda kufunga.

"Kumejaa?" akauliza.

Nikaitazama mikeka ile. Hakuna hata mmoja uliokuwa na mtu juu yake.

"Niko sawa tu, Mathe. Nitalala kwa boti."

Mtu mwenye akili timamu halali ndani ya kayaki juu ya tope, na kumrudisha Changamwe na maji yanayokwenda zake baharini, mikono imechoka vile, nilijua maana yake. Hasira ikanipanda. Nikakunja mikeka ya kiwanja cha tatu, yote, nikaibwaga miguuni pa Mwalimu Wanza.

"Mkeka usio na mtu ni mkeka tu," nikamwambia. "Kiwanja hiki kina mtu."

Alinitazama kama ninayetaka kulaaniwa. Kwaya ikajibana kwenye viwanja viwili, na asubuhi nikaambiwa kuna waliolala wamekaa. Otieno naye alilala katikati ya kiwanja kizima, hema lake dogo kama kikombe kilichosahauliwa mezani.

Mashtaka yalifika barazani kabla ya wiki kwisha. Mwenyekiti aliniita pembeni, na uso wake haukunipendeza. Kamati, alisema, inataka kuamua moja: viwanja vyote viwe vya vikundi, na wa mmojammoja wasije tena. Nami nikibisha, fulana niirudishe. Sitawaficha, niliogopa. Lakini zaidi ya fulana nilimwogopea yule aliyekuwa akivuka hori ili asikie kichwa chake.

Siku ya baraza Mwalimu Wanza alikuja na kwaya karibu yote. Wa mmojammoja nao walikuja. Sikuwaita. Otieno aliwaambia wachache, wale wakawaambia wengine, wakawa wanaingia kila mtu kivyake: mzee mmoja wa Shika Adabu, muuguzi wa Bamburi, kijana aliyeunda kayaki yake kwa mbao za makasha. Hawakuketi pamoja. Walitawanyika kwenye viti kama watu waliokosana.

Mwenyekiti akacheka kidogo. "Nyinyi nanyi si mfanye kikundi, tuwaandikishe, mambo yaishe?"

"Tukifanya kikundi," akajibu mzee wa Shika Adabu polepole, "itabidi kila mmoja wetu amtoroke mwenzake."

Baraza zima likaangua kicheko, hata kwaya. Mwalimu Wanza hakucheka. Alisimama.

"Mama Dama ananiona mimi mroho," alisema. "Sikuumia kwa huyu bwana kupata mahali. Niliumia kwa kupata mahali pa watu kumi, na wasichana wangu wamelala wameegemeana migongo."

Alikuwa na haki. Wakati wote ule nilikuwa nimewaza mahali pa mtu mmoja, sikuwaza ukubwa wake.

Otieno naye akainuka, kofia mkononi. "Mwalimu, mimi hakuna mtu aliniuliza. Mngebisha hodi, ningewaambia karibu."

"Hodi wapi? Mlango uko wapi?"

"Hata kama hakuna mlango."

Mwalimu Wanza akanigeukia mimi. "Mtu wa mwisho anaweza kuingia saa ngapi?"

"Mpaka maji yageuke," nikasema. "Yakigeuka, hakuna tena wa kuja."

"Basi mpaka maji yageuke kile kiwanja cha tatu ni cha hawa wanaokuja peke yao, hata kama kimekaa kitupu na sisi tumebanana. Yakigeuka, waliokuja ni hao hao, hawaongezeki. Sisi tuliozidi tunabisha hodi, nao wanatufungulia."

"Na wakikataa?" akauliza Mwenyekiti.

Wa mmojammoja wakatazamana, nadhani kwa mara ya kwanza tangu waingie. Yule muuguzi akasema, "Atakayekataa mgeni asije tena."

Mwenyekiti akavua kofia yake, na safari hii akaiweka mezani. "Haya. Wengi wape, lakini hata mmoja ni mgeni wetu. Mama Dama, kaa na fulana yako."

Hivyo ndivyo utaratibu ulivyozaliwa. Sitasema kila bamvua ilikuwa ya asali. Kuna waliobisha hodi kwa kelele, na kuna Otieno aliyeniambia kwaya ina soprano mmoja anayeimba hadi usingizini. Lakini mikeka ya asubuhi ilikwisha yenyewe, kwa sababu haikumfaa mtu tena.

Magoti yaliponiambia basi, nikastaafu. Filimbi nilimwachia Rukia, binti wa Junda niliyemfundisha kazi mwenyewe. Nyumbani nilikuwa na shaka moja, kwamba utaratibu ulisimama kwa ukali wangu tu, na ukali wangu ukiondoka utaanguka.

Mwaka huu binti zangu wawili na mkwe wangu walinipakia kwenye kayaki ya watu wawili, mmoja wao akipiga kasia na wengine wakifuata kwa kayaki zao, tukaenda kulala. Tukakuta viwanja viwili vimejaa wanafunzi wa chuo. Cha tatu kitupu kabisa, mchanga safi, unaniita.

"Shikamoo, Mama," Rukia akanipokea kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu. Tutalala pale."

Akainamisha macho. "Mama, nakuheshimu wallahi. Lakini mko wanne. Maji hayajageuka."

Binti yangu mkubwa akaruka. "Huyu ndiye aliyeku..." Nikamfinya.

Tukangoja ndani ya kayaki zetu, kiuno kinaniuma, nimekasirika na nimefurahi kwa pamoja, sijui niliwezaje. Kila nilipotazama ule mchanga niliutamani. Maji yalikuwa yamesimama, yanataka kugeuka, ndipo kayaki moja ikachomoza kwenye mfereji. Ndani yake mwanamke nisiyemjua, kachoka, shati limelowa. Akatuona sisi tumejazana ukingoni, akaacha kupiga kasia.

"Mama," akaniuliza, "kumejaa?"

"Kwetu sisi kumejaa," nikamwambia. "Kwako bado. Pita, mwanangu."