Yasini ya Mama Ilikatizwa

Enzi zetu pale Izigo, msahafu haukushikwa kwa papara. Unatoka kupalilia migomba, unatawadha, unakaa kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni kwa Mwalimu Zaidi. Shule ya serikali nilikomea darasa la tatu, lakini chuo chake cha Kurani sikukiacha. Uani kahawa imeanikwa, jikoni mkewe anakaanga senene, wale panzi wa msimu wa mvua, matumbo yanatulilia, na macho lazima yabaki kwenye ubao. Mwenzako akisoma, wewe ukanong'ona, Mwalimu anakukazia macho: "Anayesoma hakatizwi, hata nyumba ikiungua."

Badru, mtoto wa jirani yetu, akauliza, "Na senene wakiungua, Mwalimu?"

Tulicheka mpaka Mwalimu mwenyewe akajifunika uso kwa kanzu.

Mama alikuwa akitusikiliza kutoka shambani. Alipougua, aliniambia, "Mwanangu, nikifa unisomee sura ya Yasini, kama mlivyosoma kwa Zaidi." Tukamzika mwaka huu, migombani pale pale. Nikakaa kando ya kaburi nikaanza. Nimefika katikati, Badru huyo huyo, sasa ustadhi huko Muleba mjini, akaweka kiganja juu ya msahafu wangu.

"Kaka, acha. Kumsomea maiti ni bidaa. Mtume hakutufundisha hivyo."

"Si umwache amalize kwanza," dada yangu akasema.

"Amalize kosa, dada?"

Basi waliokuja kuzika wakagawanyika, huku hadithi ya Mtume, kule hadithi ya Mtume, juu ya udongo mbichi. Majirani zetu Wakatoliki, waliochimba kaburi tangu asubuhi, wakaokota majembe yao wakaondoka.

Namtaja Badru kwa sababu ndiye aliyenikatiza. Inawezekana vitabu viko upande wake. Mimi sikuvisoma, na najua alimwogopa Mungu kwa ajili ya mama yangu. Lakini ile adabu tulifundishwa pamoja, nyasi moja, mwalimu mmoja. Angengoja nimalize, aniite pembeni, ningemsikiliza.

Vijana wa siku hizi wanasoma vizuri kuliko sisi, kila herufi mahali pake, Kurani iko ndani ya simu. Shida simu ikiita, aya inasubiri mpaka rafiki aulizwe yuko wapi. Sisi tulikosea herufi nyingi, ila wafu wetu tuliwazika kwa utulivu. Mama ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuzikwa kwa mabishano, na Yasini yake niliimalizia peke yangu, watu wote walipokwisha kwenda.