Jumapili Akina Mama wa Mtoni Walipocheza Netiboli

Sie tuliosoma Mtoni enzi za ruksa, mitumba ilipoanza kumwagika na kila kona ikaota kibanda cha biashara, hatukuwa na uwanja wa michezo. Nyuma ya madarasa palikuwa na bonde la taka na maji ya mvua, na humo humo ndimo tulimochezea. Wasichana tulicheza rede, wavulana chandimu, kwa mpira wa makaratasi na kamba. Ukitumbukia dimbwini, mnausubiri ukauke ndipo mchezo uendelee. Tulirudi nyumbani tunanuka, tukachapwa, na kesho yake tukaenda tena.

Nilikuwa darasa la sita siku Mwalimu Chausiku, mwalimu wetu wa michezo, alipotueleza mstarini kwamba kuna mfanyabiashara ameomba kujenga maghala pale bondeni. Halmashauri iliipa shule muda mpaka likizo. Tukishindwa kulifukia bonde na kulizungushia uzio, eneo linakwenda. Hela ya kufanya hivyo haikuwepo. Akasema uwanja tutautafuta wenyewe, wala hakutuuliza kama tunaweza.

Basi tukahangaika. Wasichana tuliuza kashata na barafu za ukwaju kila Jumamosi kando ya barabara ya Kilwa, wavulana wakaokota chupa na vyuma chakavu. Mie nilikuwa na sauti. Nilinadi mpaka watu wa ng'ambo wakavuka barabara kuja kuona kuna nini. Lakini kifusi kilikuwa ghali, na mwezi ulipokwisha hatukuwa tumefika hata nusu. Ndipo Mwalimu Chausiku akabuni mechi ya netiboli: walimu wa kike dhidi ya akina mama wa mtaani, watazamaji walipe kiingilio.

Hakuna mama aliyetaka, na mgumu kuliko wote alikuwa mama yangu, muuza vitumbua. Aliniambia uwanja hauliwi, na mtu mzima kurukaruka mbele za watu ni kujivunjia heshima. Nililia, hakugeuka.

Aliyemgeuza ni yule mfanyabiashara mwenyewe. Asubuhi moja alisimama kununua vitumbua, nami nipo pembeni nakata magazeti ya kufungia. Akamwambia mama, kwa upole kabisa, kwamba watoto wa huku mwisho wao ni kubeba magunia, na maghala yake ndiyo yatakayowapa kazi, sasa uwanja wa nini? Mama alimfungia vitumbua vyake, akamrudishia chenji yake.

"Wa kwangu akitaka kubeba magunia, atabeba," akamwambia. "Lakini kwanza atacheza."

Siku hiyo hiyo, alipomaliza kuuza, alipita nyumba kwa nyumba. Jumapili wakatokea wanawake kumi na moja, kanga zimekazwa viunoni, miguu peku. Mechi ilichezwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, kwenye ardhi kavu, na watu walijaa mpaka juu ya kuta za vyoo. Mama hakuijua hata sheria moja. Alipodaka mpira aliukumbatia kama mtoto mchanga, akakimbia nao moja kwa moja mpaka golini. Filimbi ikalia, hakusimama. Akaurusha, ukaingia, vigelegele vikapasua anga. Mwamuzi akakataa goli. Watu hawakukubali hata kidogo. Wakachanga tena palepale ili mechi irudiwe Jumapili ya pili yake. Mie sikuwahi kumwona mama akikimbia. Mwanzoni niliona aibu, kisha fahari ikaimeza aibu yote.

Mechi ya marudio akina mama walifungwa vibaya, wala hakuna aliyejali. Wiki ile ile lori la kwanza la kifusi likaingia. Akina baba wakaja na majembe, tukasawazisha, na kwa kuwa hela ya seng'enge haikutosha, tukapanda michongoma kuzunguka eneo lote. Watu wa halmashauri waliokuja kukagua walikuta tunacheza. Mfanyabiashara alijenga maghala yake kwingine, na akaendelea kununua vitumbua kwa mama.

Leo nusu ya uwanja ule imejengwa madarasa. Sinung'uniki, watoto ni wengi. Vijana wa siku hizi nao wana ufundi wao: wanacheza ligi nzima wamejilaza kwenye kochi, wakichoka kidole gumba tu. Mwanangu, hapa Tabata, angalau hutoka. Huenda na wenzake kwenye nyasi bandia zinazokodishwa kwa saa; muda ukiisha, mlinzi anawatoa, wanaingia wengine waliolipa. Huniomba hela nami humpa, maana mtoto lazima acheze. Ila huwa namwonea huruma kidogo. Yeye anajua tu saa yake inaisha lini. Sie uwanja wetu tuliujua, kila mahali palipokuwa na shimo, na ni nani aliyelifukia.