Mtu wa Kudeki Nyumba Yangu

Mwanangu wa kike alikuja Pasaka kutoka Dar es Salaam, na kabla hajakaa alipitisha kidole juu ya kabati langu la vyombo. Akakiangalia kile kidole. Akaenda jikoni, nikamsikia anafunua sufuria moja moja na kuzifunika. Kisha akaingia bafuni akakaa huko kuliko haja ya mtu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Mama, hii nyumba imekushinda."

Nikamwambia nyumba niliyoijenga kwa ndizi nilizobeba kichwani mpaka soko la Tengeru haiwezi kunishinda. Yeye akatazama magoti yangu. Yalikuwa juu ya stuli, yamevimba kama viazi vikuu, nikakosa pa kuyaficha.

"Ukipata mtu mwaminifu wa kukaa na wewe, akusafishie, akupikie, utabaki hapa," akasema. "Usipopata, Krismasi tunafunga nyumba unakuja kwangu. Na usinibishie, Mama. Mimi na kaka zangu tumeshaongea."

Kwake ni ghorofani. Nimewahi kukaa. Unatoka jasho umekaa, hakuna udongo wa kukanyaga, na jirani ukimsalimia anashtuka kama umemwomba mkopo. Wajukuu zangu wananipenda, tena wana akili, mmoja anasomea udaktari, na nisipomsifu mimi bibi yake nani atamsifu. Lakini wanaondoka alfajiri wanarudi giza limeingia, na mimi nabaki na televisheni inayoongea peke yake. Mzee wangu amelala hapa chini ya migomba. Kila asubuhi nakaa kwenye kizingiti namweleza habari za nyumbani, bei ya kahawa, nani kaoa, nani kafa. Nikienda Dar hizo habari nitamwambia ukuta?

Basi nikaanza kutafuta mtu.

Wa kwanza nililetewa na dalali wa mabinti wa kazi kule Daraja Mbili. Alikuja na kope za kubandika na "shikamoo Bibi" tamu kama asali, nikajisemea haya, Mungu amesikia. Kumbe. Alikuwa anadeki katikati ya chumba tu, kama mtu anayefuta jasho la uso na kuacha shingo. Nikamuuliza, pembeni je?

"Bibi, kwani pembeni anakaa nani?"

"Anakaa mende."

"Basi muache mende naye apumzike, Bibi. Unazingua."

Nilicheka, sitadanganya. Lakini siku aliyoondoka, aliondoka bila kuaga, na mtungi wangu wa gesi. Mpaka leo sielewi aliubebaje, maana ndoo ya maji ilikuwa inamshinda kuitoa mlangoni.

Wa pili nilimpata kanisani, mama mzima kutoka Kimandolu, mtu wa maombi. Huyu hakuchukua hata njiti ya kiberiti. Alideki pembeni, alideki chini ya kitanda, huku anaimba pambio. Nikampigia mwanangu simu nikamwambia nimepata. Sikujua mwizi mwingine habebi kwa mikono. Mambo ya nyumba yangu yote yalikuwa yanatembea jumuiya kwa jumuiya: nakula nini, nimegombana na mwanangu yupi, dawa zangu ni za nini. Na uzee una mambo yake ya usiku ambayo mtu hapendi kuyasema. Jumapili moja nimekaa kwenye benchi langu la siku zote, mama mmoja wa kwaya akaniinamia na manukato yake, akanishika mkono kwa huruma.

"Pole na shuka, mama."

Ibada nzima sikusikia neno. Niliimba midomo tu. Nilivyofika nyumbani nilimwambia yule mama afungashe, akasema nimeingiwa na shetani. Nikamwambia shetani huyo aanze na wewe.

Ikaja miezi ya baridi na mimi sina mtu. Wingu la Meru lilishuka mpaka kwenye bati na halikuondoka. Matope yaliingia na miguu, yakakauka, mengine yakaja juu yake. Nilijaribu kudeki nimekaa kwenye stuli, naisukuma stuli kwa makalio, natambaa chumba hadi chumba kama mtoto. Nikaanguka. Nililala kwenye sakafu ile niliyokuwa naing'arisha kwa rangi nyekundu na gunia mpaka watu wanaogopa kuikanyaga, nikaona chini ya kabati kuna nini. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa uchafu niliouona chini ya kabati.

Aliyeniinua ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu, jirani yangu mpaka kwa mpaka. Kila asubuhi alikuwa ananiletea maziwa, hata siku tuliyonuniana anayaweka mlangoni anakohoa anaondoka. Siku hiyo alinifuta uso kwa kofia yake.

"Shemeji, nimeona mwanamke mmoja shamba la mboga huko Tengeru," akasema. "Kibarua. Anatoka Singida, mjane. Haongei."

"Haongei bubu au haongei mwenye akili?"

"Mwenye akili."

Alimleta mwenyewe. Mwanamke mwembamba, viganja kama kisugulio. Alinisalimia, akavua ndala, akasimama katikati ya sebule akatazama juu. Alianza darini. Nyumba yangu aliishusha tandabui kutoka juu, akashuka kuta, akashuka madirisha, akafika chini. Alitoa magodoro juani akamwagia kunguni maji ya moto kwenye nyufa za kitanda. Alilihamisha kabati peke yake. Jioni alinikalisha, akaweka miguu yangu kwenye beseni, akanisugua visigino bila kuombwa, na mimi ambaye nimezaa na kuzika na sikumbuki mara ya mwisho kuguswa miguu, nilimtazama utosi nikashindwa hata kusema asante.

Na zile shuka. Aliziondoa kabla hakujapambazuka, akazifua, akazianika nyuma ya nyumba, na juu ya kila shuka akatandika kanga, ili mpita njia aone kanga tu. Hakuwahi kulitaja. Mimi pia sikulitaja. Hapo nikajua nimepata mtu.

Nikampigia mwanangu. "Usinitafutie chumba," nikamwambia. "Nabaki." Akataka kuongea naye. Yule mwanamke akashika simu kwa mikono miwili, akasema "ndiyo dada, ndiyo dada, hapana dada," akanirudishia.

Kiangazi kilipokaza, ndani hakukuwa tena na cha kusafisha. Akaniuliza, "Bibi, na nje je, nisafishe?"

"Safisha kila kitu, mwanangu. Nyoka wameanza kusogea."

Ndivyo nilivyosema. Siku hiyo mimi na shemeji tulikuwa tunakwenda kipaimara mjini, mjukuu wa ukoo. Tulikula pilau, tukapiga picha, tukarudi jua linaelekea kuzama. Uwanja ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio imenyooka kama nywele zilizochanwa. Nikafurahi. Halafu nikaona kitu kimekaa vibaya na sikujua ni nini. Niliona nyumba ya shemeji. Nimekaa pale tangu niolewe, na kutoka mlangoni kwangu sijawahi kuiona nyumba ya shemeji.

Masale hayakuwepo.

Kwa asiyetoka huku mlimani nieleze. Sale ni mmea wa majani marefu, ukiupita unaweza kudhani ni pambo tu. Kwetu ndio mpaka. Baba mkwe wangu alipowagawia shamba wanawe wawili, alipanda masale katikati kwa mkono wake, akatamka maneno ya mzazi juu yake. Mtu akikukosea, akakujia ameshika jani la sale, huwezi kumnyima msamaha, hata awe amekuchomea nyumba. Na mtu akiyang'oa masale ya mpaka, huyo amemwambia ndugu yake kwamba undugu umekwisha na aliyeyapanda hakuwa kitu. Watu wamehamana kwa sababu hiyo. Watoto wamekua hawajui baba zao wadogo.

Mimi sikumwambia yule mwanamke. Nani humwambia mtu mzima kwamba moto unaunguza?

Yeye alikuwa amesimama kando ya rundo la majani linalofuka moshi, jasho linamtiririka, anatabasamu. Sijawahi kumwona anatabasamu kabla ya siku ile.

"Bibi, yale magugu yalikuwa na nyoka wawili. Nimewaua wote. Nimeng'oa mpaka mizizi."

Shemeji alikuwa nyuma yangu na mfuko wa pilau aliyofungiwa. Aliuweka chini. Akaenda kwenye moto, akavuta jani moja ambalo halijashika, akalipangusa majivu kwa mkono wa koti lake la kanisani. Nilitamani apige kelele.

"Shemeji," akasema, "baba alikukosea nini?"

Asubuhi yake maziwa hayakuja.

Wazee wa ukoo walikaa kwake. Nilitumiwa neno kwamba nitafute sale nije kuomba. Kwangu halikubaki hata shina, ikabidi nikaombe kwa watu wa bondeni, na magoti haya, nakanyaga na kupumzika, nakanyaga na kupumzika. Mchungaji nilikutana naye njiani akaniambia hayo ni mambo ya mila, mama, tuombe tu. Kwake masale yamepandwa toka getini hadi kisimani.

Shemeji alilipokea jani. Hawezi kulikataa. Alilipokea akaangalia pembeni, akasema amesamehe. Kondoo akachinjwa, mbege yetu ya ndizi ikanywewa, masale mapya yakapandwa. Nikadhani yameisha.

Mzee mkubwa wao akafuta mdomo akasema, "Bado moja. Mkono uliong'oa usilale karibu na mche. Huyo mwanamke aondoke."

"Hakujua, mzee wangu," nikasema. "Kwao hakuna masale. Mkihukumu, nihukumuni mimi mwenye nyumba."

"Wewe umesamehewa."

"Huo mkono ndio unaonilisha. Ndio unaonisafisha. Nikiwa sina huo mkono, Krismasi mimi siko hapa."

"Tutakutafutia mwingine."

"Wapi?"

Walitazamana. Mmoja akachokonoa meno. Shemeji, aliyemtafuta mwenyewe, akamleta mwenyewe, alikuwa anaangalia kiatu chake.

Ningeweza kukataa. Niliwaza usiku na mchana kukataa. Lakini ukikataa neno la ukoo baada ya kondoo, hakuna atakayekusalimia, na siku ya kufa wanangu watahangaika kutafuta wa kulichimba kaburi pembeni ya baba yao. Nilipima hivi, nikapima hivi. Huku naipoteza nyumba, huku naipoteza ardhi niliyokusudia kulala ndani yake. Sikuona upande wenye nafuu. Nikachagua watu.

Nilimwambia jikoni. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta.

"Ningejua, Bibi."

"Ungejuaje?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje, na mimi sikujua kama kuna mtu asiyejua?"

Akatikisa kichwa polepole, akatupa kokoto moja dirishani. "Basi ndio hivyo."

Siku ya kuondoka alideki nyumba yote. Nilimwambia aache, atachelewa gari, hakusikia. Alideki akirudi kinyumenyume, chumba kwa chumba, akafuta nyayo zake mwenyewe mpaka kizingitini, akakamua tambara, akalitundika. "Shuka nimezianua, Bibi," akasema kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na mtu. "Ziko kitandani." Nikamshika mkono ule waliousema, nikaukumbatia. Akaondoka. Sijamsikia tena. Simu yake hakuwa nayo, alikuwa anatumia ya jirani huko shambani.

Wamenitafutia mwingine? Walileta binti mmoja, akakaa mpaka alipoona shuka. Hakuaga.

Maziwa yanakuja tena asubuhi. Shemeji anayaweka, anakohoa, wakati mwingine anakaa tunazungumza mvua. Yule mwanamke hatumtaji. Masale mapya yameshika, yamefika urefu wa goti, na juu yake bado naona nyumba ya shemeji yote, na yeye anaiona yangu, na tope lililoanza kupanda ukutani.

Jana mwanangu alipiga.

"Mama, yule dada yuko wapi? Mbona ile namba ya jirani yake uliyonipa haipokelewi?"

Nikamweleza. Huyu amezaliwa hapa, sikuhitaji kumfundisha sale ni nini.

"Kwa hiyo hakuna mtu."

"Hakuna."

"Basi nitakuja na gari kubwa, tubebe na kitanda chako."

Nimempa shemeji funguo za ziada azoee kitasa, kinakwama. Ameniahidi atakuwa anafungua madirisha nyumba ipate hewa, na kwa mzee wangu, pale migombani, atapita kila asubuhi. Habari ya kufagia hakuisema, na mimi sikumuuliza.