Faustina, fundi aliyerudi na Kifaransa kufufua mashine za oksijeni

Saa tatu asubuhi. Ukungu haujatoka kwenye mashamba ya viazi, na Faustina Kikoti amepiga magoti kwenye sakafu ya wodi ya wazazi, katika kituo cha afya kilichoko milimani, nje ya Jiji la Mbeya. Ameshika bisibisi. Mbele yake kuna mashine ya oksijeni ambayo tangu jana inapiga kelele bila kutoa hewa ya maana.

Kitandani wamelazwa mapacha waliozaliwa kabla ya siku zao. Mashine nzima imebaki moja, na mpira wake umegawanywa ili uwafikie wote wawili. Hewa haitoshi.

"Injinia, huyu wa pili anashuka," anasema muuguzi Damari Mwashambwa, akitazama kipimo cha oksijeni ya damu kilichobanwa kwenye mguu wa mtoto.

"Anasoma ngapi?"

"Themanini na nne."

"Mwongezee huyo kwanza, sista. Nipe dakika kumi."

Zinakuwa ishirini na mbili. Faustina anang'oa vali iliyokwama, anaweka nyingine aliyoitoa kwenye mashine iliyokufa, anafunga skrubu, anawasha. Anasubiri. Kipimo chake kinaonyesha hewa inayotoka ina oksijeni asilimia 93. Damari anamhamishia mtoto wa pili kwenye mpira wa mashine hiyo. Themanini na tisa. Tisini na mbili. Tisini na tano.

Mama wa watoto hao, Tupokigwe, mkulima wa viazi, anamsogelea Faustina. Anashika mkono wa fundi kwa mikono yake yote miwili.

"Ndaga fijo, mama," anamshukuru. "Ndaga fijo."

"Kinyakyusa changu kinaishia hapo hapo kwenye ndaga," Faustina ananiambia tukiwa nje, huku akinawa mikono bombani. "Lakini hiyo inanitosha."

Faustina, mwenye umri wa miaka 33, ni fundi wa vifaa tiba. Karakana yake ni chumba kimoja Iyunga, jijini Mbeya, kando ya barabara kuu, na kutoka hapo anahudumia vituo 23, vingine vikiwa kwenye njia ambazo gari hupita kiangazi tu.

Alizaliwa Kalenga, mkoani Iringa, mtoto wa tano wa Clement na Tekla Kikoti, wakulima wa mahindi na nyanya. Mwaka 2012 alipomaliza kidato cha sita, mwalimu wake wa fizikia, Sosthenes, alimwita ofisini na kumwonyesha tangazo gazetini: ufadhili wa masomo nchini Algeria, kwa makubaliano ya serikali mbili. Aliomba bila kumwambia mtu. Jina lilipotoka, baba yake aliuliza swali moja tu.

"Akasema, 'Huko wanalima nini?'" Faustina anacheka. "Nikamwambia ngano. Akasema, 'Basi hutakufa njaa, nenda.'"

Kabla ya kuondoka alisaini karatasi ya kuahidi kwamba akihitimu atarudi kuitumikia nchi.

Alifikia mji wa Setif, kwenye nyanda za juu ambako theluji huanguka. Baridi haikumsumbua kama lugha. Mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa kujifunza Kifaransa, lugha ambayo angefundishwa nayo.

"Nilikuwa wa kwanza darasani kwetu Iringa, halafu nikawa mtu asiyeweza kuomba chumvi," anasema. "Nikawa najifungia bafuni, nasoma kwa sauti maandishi ya kwenye chupa za sabuni."

Alihitimu masomo ya vifaa tiba mwaka 2016 na kurudi. Ajira hakuna. Kwa karibu miaka miwili alitengeneza simu karibu na soko la Iringa mjini, akipata wastani wa shilingi elfu saba kwa siku. Waliomfahamu walipita wakimcheka: msomi wa ng'ambo anabandika vioo vya simu.

Katika kipindi hicho rafiki aliyesoma naye alimtafutia kazi kwenye kampuni ya vifaa vya hospitali huko Ufaransa. Barua ilikuja, na mshahara ukiwa umeandikwa.

Mama yake, Tekla, hakumzuia. Nilimkuta Kalenga akianua mahindi. "Nilimwambia, mwanangu, kama ni shida, ondoka. Mimi nitakuombea," anasema. "Akawaza siku tatu. Siku ya nne akaja kuniambia hajibu ile barua."

Kwa nini? Namuuliza Faustina.

"Nilikuwa nimesaini, ndiyo. Lakini pia kule Setif tulikuwa tunapelekwa hospitali kufanya mazoezi, na kila mashine ina fundi wake. Nikawa najiuliza, za kwetu anazishika nani?"

Jibu alilipata mwaka 2018 alipoajiriwa Mbeya kuwa fundi wa vifaa tiba. Siku ya kwanza alifunguliwa stoo na kukuta mashine 14 za oksijeni zilizotolewa msaada zimepangwa hadi karibu na dari, maboksi ya glavu yakiwa juu yake. Zilikuwa zimekaa hapo miaka minne. Vitabu vya maelekezo ya mashine hizo vilikuwa vya Kifaransa.

Alikaa chini, sakafuni, akaanza kusoma. Baada ya wiki tatu, mashine tisa zilikuwa wodini.

"Mimi mashine nazijua kwa mkono, yeye anazijua kwa kitabu," anasema Filemoni, fundi mwenzake mwenye uzoefu wa miaka 27. "Mwanzoni nilinuna kidogo, kusema ukweli. Mtoto wa juzi! Halafu tukakubaliana kufundishana."

Si kila safari huishia kwa shukrani. Masika ya mwaka 2019 alipigiwa simu asubuhi kwamba mashine imezima na kuna kichanga. Barabara ilikuwa imekatika. Alifika baada ya mwendo wa saa nne, akamkuta mtoto ameshafunikwa kanga hadi usoni.

Alifungua mashine ile. Chujio lilikuwa limeziba kwa vumbi.

"Ni kitu cha kuosha kwa maji na sabuni. Dakika tano," anasema. "Nilikaa kwenye gari nikalia. Nikamlilia yule mtoto, nikajililia na mimi. Wiki iliyofuata nikaanza kuwafundisha wauguzi."

Tangu hapo, kila Ijumaa, vituo vyote 23 huosha machujio na kutuma picha kwenye kundi la WhatsApp. Asiyetuma hupigiwa simu. "Anapiga kweli," anathibitisha Damari. "Hata ukiwa likizo anakutafuta." Simu za dharura, zilizokuwa zikifika thelathini kwa mwezi, sasa ni kumi au kumi na moja.

Mwezi ujao Faustina anatarajia kufanya usaili wa ufadhili mwingine wa serikali, safari hii wa shahada ya uzamili, miaka miwili nje ya nchi. Anataka kusomea utengenezaji wa vipuri, ili vali kama ile ya mapacha itengenezwe hapa nchini badala ya kung'olewa kwenye mashine zilizokufa.

Tatizo ni kwamba Filemoni anastaafu Juni. Wakiondoka wote wawili, karakana itafungwa. Kwa hiyo Faustina amejiwekea sharti: hapandi ndege mpaka fundi mpya, Happy Chengula, atengeneze peke yake mashine tatu kuanzia mwanzo hadi mwisho, yeye Faustina akiwa amekaa pembeni bila kugusa kitu.

"Ameshamaliza mbili," anasema. "Ya tatu nimemchagulia ngumu."

Fomu ya maombi atakayoiwasilisha siku ya usaili iko mezani, imejazwa karibu yote. Kuna sehemu inayomtaka mwombaji aeleze, kwa maneno yasiyozidi mia mbili, ana mpango gani baada ya masomo. Wengi huijaza yote. Faustina ameandika mstari mmoja kwa kalamu ya bluu, akanigeuzia karatasi nisome.

"Nitarudi kazini kwangu Mbeya. Mara ya kwanza nilirudi."