Cheti cha Dobi

Mke wangu alikuwa dobi wa hospitali. Miaka ishirini na sita alifua mashuka ya watu wasiomjua. Kufua kwenyewe mashine inafua. Kazi iko kabla ya mashine: kutenga yenye damu na yasiyo na damu, kupapasa mikunjo, maana mle ndani sindano hazikosi. Mara mbili zilimchoma. Siku hizo hakunieleza mpaka kesho yake.

Mimi ni fundi wa lipu. Shule sikukanyaga. Kusoma alinifundisha yeye tulipooana, kwa maandishi ya kwenye mifuko ya saruji. Nasoma, ila polepole.

Wasimamizi watatu walipita pale kwa madobi, na wote watatu kazi aliwafundisha yeye. Wa mwisho alikuwa binti anayeshika shuka la mgonjwa kwa ncha za kucha. Mke wangu akauliza kwa nini yeye hapewi usimamizi. Wakamwambia, "Mwenzio ana cheti." Akarudi siku hiyo amenuna. Akasema naye atakipata. Alikuwa na miaka hamsini na saba.

Kuna chuo cha kwenye simu. Akajiandikisha kozi ya usafi wa hospitali. Simu ilikuwa moja, yetu sote wawili. Akitoka kazini anakaa dirishani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, anasoma. Kozi yenyewe haikuwa maandishi matupu. Unaonyeshwa chumba, shuka liko sakafuni, na vikapu vitatu. Unalivuta shuka kwa kidole, unalitia kwenye kikapu chake. Ukipatia, simu inakupigia makofi. Ukikosea inaguna, unarudia. Hata mara mia unarudia, haikasiriki.

"Umesikia?" ananiambia. "Simu inanipigia makofi. Wewe miaka thelathini na minne hujanipigia hata moja."

"Ningepiga ungeniuliza nimekosa nini."

Siku moja akanipa nijaribu. Vidole vyangu vimeliwa na saruji, kioo hakivisikii. Nikabonyeza kwa nguvu.

"Taratibu, fundi! Huo si ukuta."

Nikalitia shuka la damu kwenye kikapu cha taulo za madaktari. Simu ikaguna. Alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. "Umeshaua daktari," akasema. "Rudia." Nikarudia. Nikaua wengine wawili, halafu nikapatia.

Akaugua mapafu. Jumatatu akalazwa, hospitali ileile, juu ya mashuka aliyoyafua mwenyewe. Kozi alikuwa ameimaliza, umebaki mtihani.

"Simu kaa nayo nyumbani," akaniambia. "Huku wodini zinaibwa. Niletee Jumamosi. Nitakuwa nimepata nguvu kidogo, nitaufanya hapahapa kitandani."

Alhamisi asubuhi uliingia ujumbe wa chuo. Niliusoma mpaka chai ikapoa. Kozi wanaiboresha, wanaleta mpya. Ya zamani inafungwa Jumapili. Ambaye hajafanya mtihani ataanza mwanzo kwenye hiyo mpya.

Jumamosi ilikuwa inatosha. Hilo nalijua. Lakini niliingiwa na hofu, nikataka kuhakikisha tu kwamba mtihani unafunguka, nisije nikampelekea simu isiyofungua. Nikabonyeza.

Juu paliandikwa: nafasi mbili, dakika arobaini. Niliyaona. Sikuyatilia maanani, kwa sababu simu hii ilishatusamehe mara nyingi.

Dakika zikaanza kupungua. Swali la kwanza lilikuwa na mistari minne. Nilipofika wa tatu nikawa nimeusahau wa kwanza. Nikatafuta pa kutokea, sikupaona. Nikaiweka simu mezani nikaiangalia mpaka muda ukaisha. Sifuri.

Nikajiambia, umeharibu, tengeneza. Lipu ikipinda unaikwangua, unapiga upya. Nikaingia tena. Ya picha niliyaweza, vikapu navijua. Ya maandishi nilibonyeza tu. Thelathini na moja. Ilitakiwa sitini. Chini ikaandikwa: Hujafaulu. Nafasi zako zimekwisha.

Ijumaa nikapiga namba ya chuo. Akapokea mwanamke, ana adabu. Nikamweleza kwamba aliyekosea ni mimi, si mwenye mtihani.

"Mzee wangu, sisi huku tunaona jina lake tu," akasema. "Asijali. Jumatatu ataanza ile mpya. Nzuri kweli, ina michezo mingi kuliko ya kwanza, na masomo yote yapo tayari. Akiingia tu anayakuta."

"Ni ya muda gani?"

"Miezi sita."

Nikamshukuru. Miezi sita. Daktari alikuwa ameniambia tuhesabu siku.

Jumamosi nikaenda wodini. Alikuwa amekonda usoni, mpira wa hewa puani. Akanyoosha mkono.

"Lete simu."

Nikasema, "Nimeshakufanyia. Umefaulu."

Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Njia nzima nilikuwa nimepanga mengine. Akaushusha mkono.

"Wewe? Muuaji wa madaktari?"

"Mimi."

"Nimepata ngapi?"

"Tisini."

Akacheka, kikohozi kikamshika, muuguzi akaja akamwinua. Kilipotulia akanishika kidole.

"Bora, mume wangu. Nilikuwa nimechoka. Sikujua mtihani ningeufanya vipi. Usiwaambie wenzangu kwamba ni wewe. Waambie nimefaulu."

Nikatoka nikaenda chini, kwa madobi, nikawaambia. Walipiga vigelegele, na mashine zinanguruma hivyohivyo. Jumanne akafariki.

Kwenye mazishi madobi walilitaja. Mwenzetu ameondoka na cheti chake, walisema. Nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni majonzi tu.

Wiki mbili baadaye wakaja nyumbani watatu. Aliyetangulia ni yule wanayemwita Pasi, kwa sababu hana mkunjo hata mmoja, wa nguo wala wa maneno. Yeye na mke wangu walianza kazi siku moja. Alibeba fremu ya mbao, ina kioo. Seremala wa hospitali ndiye aliyeitengeneza.

"Shemeji, tunaomba karatasi," akasema. "Tunaitundika pale kwetu, juu ya meza ya kukunjia. Kila msimamizi akiingia aione."

Nikawaambia hakuna karatasi. Wakadhani bado haijatumwa. Nikawaeleza yote: Alhamisi, dakika arobaini, thelathini na moja, na nilivyosema pale kitandani. Wale wawili wakatazama sakafu. Pasi alinitazama mimi.

"Alikuwa anaujua mtihani ule," akasema. "Tulikuwa tunamuuliza maswali huku tunakunja. Hakosi hata moja."

"Najua."

"Ungemletea Jumamosi."

"Alikuwa hana nguvu, shemeji."

"Basi angeshindwa mwenyewe. Kushindwa huko kungekuwa kwake."

Mmoja wao akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Pasi akaifunga fremu kwenye khanga yake, akatangulia mlangoni. Wenzake waliniaga. Yeye hakuniaga.