Wanafunzi wa Kuniinua

Tangu nianguke kutoka juu ya paa nikiezeka mabati, miguu yangu imekataa kazi, na simwamini mtu anayenishika huku akitabasamu. Jamaa wa mwisho aliyenihudumia hapa mtaani Kisumu Ndogo alikuwa na tabasamu zuri sana. Siku moja aliniacha kwenye karai, nimejaa sabuni, akaenda kutazama mpira.

Kwa hiyo binti yangu alipopata kazi ya kulala huko huko kwa mwajiri, swali lilikuwa moja. Nani angeniogesha? Alinipeleka kwenye ukumbi wa kanisa Kawangware, ambako wanafunzi wa kuhudumia wazee na walemavu walihitaji mtu halisi wa kufanyia mazoezi. Wao wangejifunza, mimi ningechagua mmoja wa kunihudumia.

Nililazwa kitandani mbele yao. Wa kwanza aliniita babu mtamu, nikamfuta papo hapo. Mwingine alinigeuza vizuri tu, ila alikuwa akipiga gumzo na mwenzake kuhusu nywele. Wa tatu aliniuliza kama nasikia uchungu, akageuka kabla sijajibu. Mwalimu alinisifu kwa upole wangu, naye hakujua nilivyokuwa nikiwachuja kimoyomoyo.

Kisha akaja dada mmoja aliyenuna. Alisimama mbali kidogo, akanikagua toka kichwani mpaka miguuni. Nikawaza, huyu ndiye mwizi mwenyewe.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "kabla nikuinue, niambie hizo mikono zako zitakuwa wapi."

Damu ilinipanda. Umri wote huu, niulizwe hivyo mbele za watu! Nilitaka tuondoke saa hiyo hiyo. Lakini nikaona amesimama pale mkono wangu usipofika, nikaelewa kwamba alishapapaswa kwingineko na mzee fulani mwenye sura ya upole kama yangu. Hasira ikaniisha, nikabaki na haya.

"Kifuani," nikamjibu, nikaikunja pale akiona.

Ndipo akasogea. Aliniambia ataanzia bega lipi, akasubiri nikubali, akaniinua.

Tulipotoka nje, binti yangu aliniuliza kwa nini nimemchagua yule mkali kuliko wote. Nilimwambia ukweli. Wale wengine walinishika kana kwamba nimeshakwisha, kana kwamba hata ubaya siuwezi tena. Yule peke yake aliniogopa kama anavyoogopwa mwanamume aliye hai.