Kakakuona na Hodi Tatu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mvua za vuli zimeanza, nilimkuta kakakuona kwenye kichuguu cha shamba letu hapa Kang'ata. Alikuwa anakula mchwa kwa ule ulimi wake mrefu, hana habari na mtu. Nilipomgusa kwa mpini wa jembe akajikunja, akawa duara la magamba. Ujana ulinipanda kichwani, nikachokonoa afunguke. Kadiri nilivyozidi ndivyo alivyokaza.

Shangazi Mwanaidi, dada wa baba, akanipokonya jembe.

"Mwache. Huyo hana hata jino moja, anajua kujifunga tu. Kama wewe, tangu ugombane na kaka yako."

Nilinuna. Kaka Sefu alikuwa amelima kupita mpaka aliotuachia marehemu baba, hatua tatu tu, nami nikaapa sisemi naye. Majirani hawakuingilia; ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

Wiki ile ile Sefu akaja. Nilikuwa ndani, nimekaa kitandani. Akabisha hodi, nikanyamaza. Akabisha ya pili. Ya tatu akaongeza, "Mdogo wangu, nimekuja." Nikabana pumzi. Hodi ni tatu, mwanangu. Mgeni asipoitikiwa huondoka, na kaka alikuwa mtu wa adabu. Nilisikia kandambili zake zikirudi barabarani.

Baadaye akahamia Manundu, kule Korogwe. Nikasema nitamfuata baada ya mavuno, na mavuno yakaja mara nyingi. Siku niliyofika, kaburi lake lilikuwa limeshafukiwa.

Sasa shamba lote ni langu, pamoja na hatua zile tatu. Nina upweke, sikufichi. Siku nzima hupita hakuna anayebisha hapa, labda kuku akiparura mlangoni. Yule kakakuona, asubuhi ile mimi na shangazi tulipokaa kando tukanyamaza, alijikunjua mwenyewe akarudi kwenye mchwa wake. Mimi sikujikunjua. Jina lake lina kaka na lina kuona. Mimi kaka nilikuwa naye, kumwona ndiko nilikokataa.

Basi, mwanangu, majuto ni mjukuu, usiyangoje. Akikubishia hodi mtu mliyekosana, itika kwanza, hata kama bado umenuna. Ugomvi mtaumalizia ndani, mmekaa. Mungu akujaalie ndugu wa kubisha mlangoni pako, na akupe ulimi mwepesi wa kusema karibu.